Mwaloni Mfupi: Mti Ustahimilio Kiu Bustanini

Ipo miti michache iwezayo kukaa miezi minne au mitano bila tone la mvua na bado ikabaki na majani mabichi. Mmojawapo ni mwaloni mfupi wa nchi zinazopakana na Bahari ya Mediterania. Wataalamu wa mimea huuita Quercus coccifera. Wagiriki huuita pournari, Wahispania huuita coscoja, na ndugu yake wa karibu katika Palestina, Lebanoni na Syria hujulikana kwa jina la sindiani. Askari wa Afrika Mashariki waliowahi kutumwa kusini mwa Lebanoni katika jeshi la amani la Umoja wa Mataifa walifanya kazi katika nchi ya vilima ambako sindiani ni mti wa kawaida.

Mwaloni huu haufanani na ile miti mikubwa ya Ulaya ya kaskazini ambayo hupukutisha majani yake kila majira ya baridi. Kwa kawaida ni kichaka chenye kimo cha mita 1 hadi 2, ingawa ukiachwa bila kukatwa wala kuliwa na mbuzi huweza kufika mita 6 au zaidi. Majani yake ni madogo, magumu kama ngozi, na kingo zake zina miiba. Ugumu huo huzuia maji yasitoke upesi jua linapowaka. Chini ya ardhi, mzizi mkuu hupenya katika nyufa za mawe ya chokaa na kutafuta unyevu ambao majani ya bustani hayawezi kuufikia.

Uhai wake umo zaidi mizizini kuliko shinani. Ukikatwa au kuunguzwa na moto, huchipua tena kutoka chini. Karibu na Hebroni upo mwaloni wa jamii hiyo ambao wahujaji wameuheshimu kwa muda mrefu kuwa ni mti wa Ibrahimu. Shina lake kuu lilikauka mwaka 1996, lakini mwaka 1998 chipukizi lilionekana likitoka kwenye mizizi.

Zamani mti huu ulileta utajiri pia. Katika matawi yake hukaa wadudu wadogo wa mviringo ambao watu wa kale waliwadhania kuwa ni matunda. Wadudu hao walikaushwa na kutoa rangi nyekundu ya thamani. Mwandishi wa Kirumi Plinio, aliyeishi katika karne ya 1, aliandika kwamba rangi hiyo ilitengwa kwa ajili ya majoho ya majemadari. Biashara yake ilififia katika karne ya 16, rangi ya wadudu wa Meksiko ilipofika Ulaya.

Kuchagua mbegu

Mbegu ni kokwa iliyokaa ndani ya kikombe kidogo chenye magamba. Huchukua hadi mwaka wa pili kukomaa, kisha huanguka yenyewe. Kokwa ikikauka hufa, kwa hiyo haiwekwi ghalani kama mahindi au maharage. Yafaa ipandwe mara baada ya kuokotwa. Kwanza kokwa zitumbukizwe katika ndoo ya maji. Zinazozama ndizo nzima, na zinazoelea, ambazo nyingi zimeliwa na funza au zimekauka, zitupwe.

Kupanda

Kokwa hulazwa ubavu katika udongo, kina cha sentimita 3 au 4. Mzizi hutangulia kutoka, na huwa umeshuka mbali kabla jani la kwanza halijaonekana. Kwa sababu hiyo kopo fupi halifai, maana mzizi ukigota chini hujikunja, na mti uliojikunja mzizi hautastahimili kiu hata ukiwa mkubwa. Kopo liwe na kina cha sentimita 30 au zaidi, lenye matundu chini. Juu lifunikwe kwa wavu, kwani panya hupenda sana kokwa hizo.

Mche uhamishwe ungali mdogo, mwanzoni mwa mvua, mahali penye jua na pasipotuama maji. Udongo wa mawe na chokaa wautosha, na samadi haina haja. Kwa ua, miche iachane hatua moja. Mbuzi wazuiwe, kwa kuwa miiba haiwazuii kula machipukizi.

Kumwagilia

Hapa ndipo wengi hukosea. Mwenye bustani mwenye huruma humwagilia kikombe kimoja kila jioni, na huruma hiyo huudhuru mti. Maji machache ya kila siku hulowesha udongo wa juu tu, nayo mizizi hubaki juu ikiyangoja. Siku maji yatakapokatika, mti hautakuwa na pa kukimbilia. Iliyo njia bora ni kutoa ndoo nzima kwa mara moja, polepole, kisha kuacha udongo wa juu ukauke kabla ya kurudia. Katika kiangazi cha pili siku za kungoja ziongezwe. Mti ukishika ardhi, katika nchi yake ya asili huachwa utegemee mvua peke yake. Majani makavu au mawe yatandazwe kuuzunguka ili kuhifadhi unyevu, bila kugusa shina.

Tahadhari

Kokwa na majani yana uchungu mkali. Ng'ombe na farasi wakiyala kwa wingi hupata sumu. Tena mti huu umezoea mvua za majira ya baridi na kiangazi kikavu. Si mti wa pwani yenye joto na unyevu mwaka mzima. Wala kokwa zisivushwe mpaka mfukoni mwa msafiri. Mbegu za kigeni huingizwa kwa kibali cha wakuu wa kilimo, ili maradhi na wadudu wasije pamoja nazo.

Hata nyumba isiyo na mwaloni yaweza kufaidika na mafunzo yake. Mwembe, mkwaju au mti wowote wa nchi kavu hujengwa kuanzia chini. Palipo na bomba moja la maji kwa familia nyingi, ndoo moja inayofika mizizini ina faida kuliko vikombe saba vinavyoishia juu ya udongo. Na familia inayohamishwa kituo, ikipanda hivyo, huwaachia wanaokuja mti usiowadai maji.