Ukoo hufuata ng'ombe, selimundu hufuata damu

Usukumani, jina la mtu mara nyingi ni taarifa. Kulwa na Doto ni mapacha, na Shija ni aliyezaliwa baada yao. Kashinje alitanguliza miguu. Mabula na Kabula walizaliwa wakati wa mvua, Nyanzala alikuja kipindi cha njaa. Kabla ya kliniki na kadi ya mtoto kufika Bariadi, Maswa au Itilima, majina haya yalikuwa daftari la uzazi.

Lakini majina pia hurithiwa. Kashinje wa leo huenda alizaliwa salama kabisa na akapewa tu jina la babu yake. Ili kujua, lazima umuulize aliyekuwepo. Na waliokuwepo wanazidi kupungua.

Ndiyo maana historia ya ukoo si mazungumzo ya kupitisha muda msibani tu. Kwa familia nyingi za mkoa wa Simiyu, ni suala la afya ya watoto.

Mkoa mpya, koo za zamani

Simiyu ulitangazwa kuwa mkoa mwaka 2012, sehemu yake kubwa ikitoka Shinyanga na Busega ikitoka Mwanza. Watu wake ni wa zamani zaidi ya mipaka hiyo. Wazee bado hujitambulisha kwa maeneo ya watemi: Ntuzu, Itilima, Kanadi, Mwagala. Binza leo ni kata wilayani Maswa, lakini Babinza ni ukoo ambao watu wake utawakuta sehemu nyingi za Usukuma.

Nasaba za watemi zilipata bahati ya kuandikwa. Hans Cory, mtafiti wa serikali ya kikoloni, alizikusanya, na nyaraka zake zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Makumbusho ya Bujora, Kisesa, yaliyoanzishwa na Padri David Clement, nayo hutunza kumbukumbu za watemi.

Mkulima na mfugaji wa kawaida hakuandikwa, isipokuwa pale jina lake lilipoingia kwenye daftari la ubatizo la misheni kama Nassa, ambayo leo iko Busega. Habari zake nyingine zilikaa vichwani mwa wazee, na kwenye tambiko, ambako majina ya waliotangulia hutajwa.

Kisha watu walihama. Utemi ulifutwa mwaka 1963. Operesheni Vijiji ya kati ya 1973 na 1976 iliwatoa watu kwenye maboma ya ukoo, makaburi yakabaki nyuma. Wengine walifuata malisho na mashamba hadi Geita, Katavi, Rukwa, Morogoro na Lindi. Leo binamu wawili wanaweza kupishana stendi ya Bariadi wasijuane.

Hata kwingine kuna kikwazo cha namna hiyo. Marekani, mtu huweza kwenda ofisi ya wilaya yake akakuta kumbukumbu za ndoa na ardhi za miaka zaidi ya 100. Lakini Mmarekani mweusi akirudi nyuma ya sensa ya 1870, mara nyingi hukwama, kwa kuwa kabla ya hapo watumwa walihesabiwa bila majina. Kikwazo chetu sisi kina unafuu mmoja: baadhi ya wanaojua majina bado wako hai.

Ng'ombe waliamua mtoto ni wa nani

Katika mila za Kisukuma, ambazo Cory alizichapisha kama kitabu cha sheria za kimila mwaka 1953, mahari ndiyo iliyoamua ukoo wa mtoto. Ng'ombe wakitolewa, mtoto ni wa upande wa baba. Wasipotolewa, ni wa ukweni, kwa wazazi wa mama yake, hadi baba atakapomkomboa kwa ng'ombe.

Utaratibu huo ulikuwa na maana yake: kila mtoto alikuwa na mahali pa kulelewa na kurithi. Lakini magonjwa ya kurithi hayajui zizi. Mtoto aliyekulia kwa guku upande wa mama bado amebeba nusu ya damu ya baba ambaye huenda hajawahi kumwona.

Mfano ulio karibu zaidi ni selimundu, ambayo wengi huiita sikoseli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliopima damu ya watoto wachanga zaidi ya 17,000 kaskazini magharibi mwa Tanzania, ulionyesha kuwa takribani mtoto mmoja kati ya watano amebeba kinasaba cha ugonjwa huo, na takribani mmoja kati ya 100 ni mgonjwa.

Aliyebeba kinasaba kimoja kwa kawaida haumwi. Mwaka 1954, mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kuwa watu hao wana kinga kiasi dhidi ya malaria. Ndiyo sababu kinasaba hicho kimedumu kwenye maeneo yenye mbu wengi kama ukanda wa Ziwa Victoria.

Shida huanza wabebaji wawili wanapozaa. Katika kila mimba, uwezekano wa kupata mtoto mgonjwa ni mmoja kati ya minne. Si lazima wawe ndugu. Mwiko wa kutooana ndani ya ukoo hautoshi kuzuia hali hii.

Kabla ya kumnyooshea mtu kidole

Dalili huanza kuonekana mtoto akikaribia miezi sita au baadaye: vidole vya mikono na miguu kuvimba, maumivu makali ya mifupa, upungufu wa damu unaojirudia, macho kuwa ya manjano. Familia isiyo na kumbukumbu huona mtoto mmoja akifa na mwingine akifuata, wa katikati akiwa mzima. Kwa macho ya kawaida, huo unafanana na mkono wa mtu. Usukumani tunajua mashaka ya aina hiyo yamewafikisha wapi bibi vizee wengi.

Ajabu ni kwamba hata mfumu huuliza: tatizo limetoka upande wa baba au wa mama? Daktari naye huuliza hivyo hivyo. Tofauti ni kuwa daktari ana kipimo cha damu cha kumjibu, na jibu lake ni kwamba selimundu hutoka pande zote mbili. Hakuna wa kulaumiwa, si mama, si bibi, si jirani.

Mtoto akigundulika mapema, akapata dawa za kukinga maambukizi, foliki asidi, kinga ya malaria, na haidroksiurea pale daktari anapoona inafaa, ana nafasi kubwa ya kukua na kusoma.

Anza na daftari

Nunua daftari gumu. Chora mistari miwili yenye uzito sawa, ya baba na ya mama, hadi kwa mababu na mabibi. Kwa kila mtu andika jina, maana ya jina, kijiji alichoishi kabla ya Operesheni Vijiji, na alikohamia.

Uliza pia kuhusu watoto waliofariki wadogo, ambao mara nyingi huachwa wakati wa kuhesabu. Walikuwa na umri gani? Waliugua nini? Andika dalili kama zilivyosimuliwa, hata kama ugonjwa haukupewa jina.

Muulize mzee peke yake, kwa upole, asubuhi akiwa hajachoka. Mambo ya nani ni baba wa nani yanaweza kuvunja nyumba. Mzee akinyamaza, mwache. Daftari hili ni la kulinda watoto, si la kufukua aibu.

Ukishapata picha, lipeleke kwenye kituo cha afya unapompeleka mtoto, na uliza wapi unaweza kupima selimundu. Vijana wanaotarajia kuoana wapime kabla ng'ombe hawajatoka zizini. Kipimo si cha kuvunja uchumba. Ni cha kuwawezesha kuamua wakiwa wanajua, na mtoto wao apimwe mapema badala ya kusubiri avimbe vidole.