Meli haina kituo cha njiani

Simu ililia saa nne usiku, watoto wakiwa wamekwisha kulala. Alikuwa mdogo wangu anayeishi na mumewe Houston, huko Marekani. Sauti yake ilikuwa ya furaha, lakini nilimlea mwenyewe mtoto yule, na nilijua kwamba chini ya furaha ile kulikuwa na jambo.

"Dada, tunakwenda baharini! Siku saba. Tunapandia meli bandari ya Galveston, tunafika mpaka Cozumel, Mexico. Shemeji yako ameweka akiba mwaka mzima."

Nikamshangilia. Kisha nikamwuliza, "Na mimba?"

Akanyamaza kidogo. "Ndiyo nilitaka kukuuliza. Kampuni ya meli inataka barua ya daktari. Hawampandishi mwanamke aliyefikisha wiki 24. Siku ya kupanda nitakuwa na wiki 23 na siku tatu. Siku ya tano ya safari nitafikisha 24. Dada, nikisema kwamba sikumbuki vizuri siku zangu, nani atajua?"

Akina mama wenzangu, nani kati yetu hajawahi kupunguza au kuongeza wiki mbili tatu ili jambo alipendalo lifanyike? Fedha zimekwisha lipwa. Mume amejinyima ili amfurahishe mkewe kabla mtoto hajazaliwa. Mwili una nguvu, tumbo halijawa kubwa. Ni rahisi kusema, "Wiki moja tu, itakuwa nini?"

Sikumjibu upesi. Nilikumbuka usiku wangu mwenyewe.

Usiku wangu ziwani

Miaka mingi iliyopita nilipanda meli Mwanza kwenda Bukoba kumwona mama mkwe aliyekuwa mgonjwa. Nilikuwa na mimba ya miezi sita, ya mtoto wangu wa pili. Safari ile ni ya usiku kucha. Nilikula samaki, nikalala vizuri. Kama saa saba usiku niliamshwa na tumbo lililokuwa likikaza na kuachia, likikaza na kuachia.

Nilitoka nje nikashika vyuma vya ubavuni mwa meli. Mbele giza, nyuma giza, na maji pande zote. Katika basi ningeweza kumwambia dereva, "Simama, nina hali mbaya," na tungetafuta zahanati ya kijiji chochote, hata kama ina mkunga mmoja na taa ya chemli. Lakini meli haina kituo cha njiani. Ukishaondoka gatini, ulichonacho ndicho ulichonacho mpaka ufike upande wa pili.

Kwa rehema ya Mungu maumivu yalitulia kabla hapajapambazuka, na mtoto yule leo ni mtu mzima. Lakini tangu usiku ule nimejua kwamba swali la kwanza kwa mja mzito anayetaka kusafiri majini si kama atatapika. Swali ni hili: jambo likitokea, msaada uko mbali kiasi gani?

Kwa nini wiki 24?

Wengi hudhani kwamba kampuni za meli za watalii zinaogopa tu usumbufu. Sivyo. Kampuni nyingi kubwa zina kanuni hiyo hiyo ya wiki 24, na ina sababu yake.

Mimba kamili huchukua wiki 40 hivi. Kabla ya wiki ya 24, mtoto akizaliwa, mara nyingi sana mapafu yake hayawezi kumwezesha kuishi hata akiwa katika hospitali kubwa. Kuanzia hapo na kuendelea anaweza kuokolewa, lakini si kwa shuka safi na maji ya moto. Anahitaji mashine ya kumsaidia kupumua, mashine ya joto, dawa maalumu, na wauguzi waliofundishwa kuhudumia watoto njiti, usiku na mchana kwa wiki nyingi.

Meli kubwa ina daktari na wauguzi. Wanaweza kushona kidonda, kumtundikia mgonjwa maji, kumtuliza mwenye maumivu ya moyo mpaka bandari inayofuata. Lakini meli haina wodi ya watoto njiti. Kwa kawaida haina daktari bingwa wa uzazi, wala akiba ya damu kama ya hospitali kwa mama anayevuja damu nyingi. Helikopta nayo haifiki kila mahali. Meli ikiwa mbali na nchi kavu, au upepo ukiwa mkali, hakuna njia ila kungoja.

Ndege ni jambo jingine. Mashirika mengi ya ndege huwachukua waja wazito mpaka karibu na wiki ya 36, ingawa huomba barua ya daktari kuanzia wiki ya 28, na wenye mapacha huzuiwa mapema zaidi. Safari ya ndege ni ya saa kadhaa. Safari ya meli ni ya siku kadhaa, na siku ndizo zinazoleta tofauti.

Hesabu mpaka siku ya kurudi

Mdogo wangu alikuwa amefanya kosa ambalo wengi hulifanya. Alipolipa, alihesabu mpaka siku ya kupanda meli. Kanuni inahesabu mpaka siku ya kushuka.

Wiki za mimba huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, si siku unayodhani ulishika mimba. Kama hukumbuki, kipimo cha picha ya tumbo kikifanywa mapema, katika miezi mitatu ya kwanza, hutoa hesabu nzuri zaidi kuliko kikifanywa baadaye. Chukua kalenda, weka alama siku utakayorudi nyumbani, kisha ndipo uhesabu. Fanya hivyo kabla hamjatoa fedha.

Wakati mzuri wa kusafiri ni miezi ya katikati, tangu mwezi wa nne. Kichefuchefu cha mwanzo kimepungua, hatari ya mimba kuharibika imeshuka, na tumbo bado halijakulemea. Lakini hata katika miezi hiyo wapo ambao ni afadhali wabaki karibu na hospitali: mwenye mapacha, aliyewahi kuzaa njiti, aliyetokwa na damu katika mimba hii, mwenye shinikizo la damu, na yule aliyeambiwa kwamba kondo la nyuma limekaa chini. Mwulize daktari wako waziwazi, na umweleze kwamba ni safari ya majini ya siku kadhaa.

Ukiwa ndani ya meli

Tuseme hesabu yako ni nzuri na daktari ameridhika. Basi jitayarishe hivi:

Omba chumba cha katikati ya meli, ghorofa za chini. Huko meli huyumba kidogo kuliko mbele au juu. Kichefuchefu kikianza, toka nje upate hewa, utazame mbali pale maji yanapokutana na mbingu. Kula kidogo kidogo, usikae na tumbo tupu. Tangawizi huwasaidia wengi. Usinunue vidonge vya kuzuia kutapika bila kumwuliza daktari, kwani si vyote vinavyomfaa mja mzito.

Nawa mikono kwa sabuni kila mara kabla ya kula. Katika meli watu wengi hula pamoja na kushika mlango ule ule, na ugonjwa wa kuhara na kutapika ukiingia huenea upesi. Mja mzito akipungukiwa na maji mwilini, tumbo laweza kuanza kukaza. Kunywa maji ya kutosha.

Vaa viatu vya chini visivyoteleza. Shika kizuizi cha ngazi, maana uzito wako umehamia mbele na meli nayo inacheza. Usikae saa nyingi bila kutembea, kwa sababu mwenye mimba hupata damu ya kuganda miguuni kwa urahisi kuliko wengine. Acha mabwawa ya maji ya moto sana, na usizame kwa mitungi ya hewa.

Uliza pia kuhusu magonjwa ya mahali mtakaposhuka. Mwaka 2015 na 2016 ugonjwa wa Zika, unaoenezwa na mbu wanaouma mchana, ulienea katika nchi nyingi za Amerika, na ulionekana kudhuru ubongo wa watoto waliokuwa bado tumboni. Kwetu hatari kubwa ni malaria. Usisahau chandarua chenye dawa, na umalize dozi unazopewa kliniki.

Kadi yako ya kliniki isikae chini ya sanduku. Ibebe mkononi. Kama mna bima ya safari, isomeni mpaka mwisho: je, inamlipia mwenye mimba? Je, mtoto akizaliwa kabla ya wakati katika nchi ya kigeni, inamlipia na yeye? Nyingi hazifanyi hivyo.

Na sisi tunaovuka hapa kwetu

Utasema, "Mimi sina fedha za meli ya watalii." Lakini wengi wetu tunavuka kwenda Unguja kwa saa mbili hivi, wengine wanakwenda Pemba, Ukerewe, au vijiji vya Ziwa Tanganyika ambako meli ndiyo barabara. Huku mara nyingi hakuna anayekuomba barua ya daktari wala kukuuliza wiki. Kwa hiyo jiulize mwenyewe.

Ukiona meli imejaa kupita kiasi, usipande, hata kama tiketi iko mkononi. Tumejifunza hayo kwa machozi: MV Bukoba mwaka 1996, MV Spice Islander mwaka 2011, MV Nyerere mwaka 2018. Ukipanda, jua jaketi la kujiokolea liko wapi, na ulijaribu kulifunga na tumbo lako kabla safari haijaanza. Kaa karibu na mlango, na mtu mmoja ajue kwamba una mimba.

Na usipande meli yoyote, kubwa au ndogo, ukiona mojawapo ya haya: damu, hata kidogo, maji yanayotiririka ukeni, tumbo linalokaza kwa vipindi, kichwa kinachouma sana pamoja na kuona maruweruwe, uso na mikono kuvimba ghafla, au mtoto kupunguza kucheza. Siku hiyo safari ni moja tu, ya kwenda hospitali.

Alivyoamua mdogo wangu

Usiku ule nilimsimulia habari ya ziwa. Kisha nikamwambia, "Huyo daktari ukimdanganya wiki, humdanganyi yeye. Saa nane za usiku, katikati ya bahari, chupa ikipasuka, ni mtoto wako atakayelipa wiki uliyoificha. Na shemeji yangu umemwambia?"

Hakuwa amemwambia. Mumewe alidhani kila kitu kiko sawa. Hilo lilinisikitisha kuliko hesabu yenyewe, maana mume aliyejinyima mwaka mzima ana haki ya kujua anampeleka wapi mkewe na mtoto wake.

Alimwambia asubuhi yake. Shemeji alinuna siku mbili. Sehemu ya fedha zao ilipotea, na sitasema kwamba haikuwauma. Wiki ile waliyopanga kuwa baharini walikwenda Galveston kwa gari, wakakaa siku tatu katika nyumba ya wageni karibu na ufuko. Jioni walitazama meli zikiondoka. Aliniambia kwamba alilia kidogo meli yao ilipopiga honi, na mumewe akamnunulia samaki wa kukaanga.

Mtoto alizaliwa kwa wakati wake, mnono na mwenye sauti. Kwa hiyo wapo watakaosema, "Si unaona? Mngekwenda tu, hakuna ambacho kingetokea." Ni kweli, huenda kisingetokea. Hata usiku wangu wa ziwani hakikutokea kitu. Lakini mama hachagui kwa kutazama yaliyotokea kwa bahati. Anachagua kwa kutazama yale ambayo, yakitokea, hatakuwa na pa kukimbilia.

Meli ile bado inakwenda Cozumel. Kampuni nyingi huwapokea watoto wachanga wakishatimiza miezi sita. Shemeji yangu ameanza tena kuweka akiba, na safari hii wanahesabu wakiwa wawili, kalenda ikiwa mezani.