Kioo Kinachopunguza Moto wa Tanuri

Sisi wa Ngerengere twaujua ulanga, ule mwamba wa kumetameta unaobanduka kama karatasi. Zama za Wadachi ulichimbwa katika milima ya Uluguru. Kwa kuwa haupitishi umeme, ulanga ulitiwa katika redio, kati ya mabati mawili membamba, ili kuweka akiba ndogo ya umeme.

Siku hizi kazi hiyo hufanywa zaidi na vigae vidogo vya kufinyangwa, vilivyopangwa tabaka kwa tabaka pamoja na madini. Lakini pana shida. Unga wa vigae vingi haushikamani mpaka moto ufike digrii 1300 za sentigredi hivi, nayo fedha huyeyuka kwa digrii 962. Vikichomwa pamoja, fedha itatiririka na chombo kitaharibika.

Basi mafundi huchanganya unga kidogo wa kioo. Kioo hulainika mapema, hupenya kati ya chembe na kuzivuta zikaribiane. Hivyo digrii 900 huweza kutosha. Lakini kioo kikizidi, kigae hupungukiwa nguvu ya kuweka umeme.

Na tukumbuke: chungu kizuri hakitokani na wingi wa kuni tu, bali na udongo uliochanganywa kwa kipimo.