Michezo inayofundisha macho ya mtoto

Wiki hii tunazungumza juu ya vitu vya kuchezea. Wengi wetu tunampa mtoto kitu ili anyamaze, tupate nafasi ya kutwanga sombe. Lakini mtoto hazaliwi akijua kuona vizuri. Macho anayo, ila ubongo wake unajifunza kuyatumia kidogo kidogo, zaidi katika miaka 7 ya kwanza. Kitu anachokitazama, anachokifuata na kukikamata ndicho kinachomfundisha.

Sisi walimu tunaona matokeo yake darasani. Tangu masomo ya msingi yalipofanywa kuwa ya bure mwaka 2019, madarasa yamejaa. Mtoto asiyeona ubao anakaa nyuma, ananakili vibaya, wenzake wanamwita mjinga. Kumbe akili anayo, macho ndiyo yanamsumbua. Tatizo hilo lingeweza kuonekana nyumbani, wakati wa kucheza.

Hatusemi mnunue vitu vya bei kubwa huko Goma. Hapa Pinga vya kutosha vipo. La maana ni kuchagua kufuatana na umri.

Tangu kuzaliwa hadi miezi 3. Mtoto anaona vizuri kitu kilicho karibu, kama sentimita 20 hadi 30. Huo ndio umbali kati ya titi na uso wa mama. Basi uso wako ndio mchezo wake wa kwanza, na hata tukikimbia vita hauachwi nyuma. Rangi hafifu bado hazioni vizuri. Chukua karatasi nyeupe, chora kwa makaa mistari minene au duara, umwonyeshe. Isogeze polepole kushoto na kulia. Akifika miezi 3 anapaswa kuifuata kwa macho.

Miezi 4 hadi 8. Sasa anataka kukamata, na macho yanajifunza kufanya kazi pamoja na mikono. Mpe kijiko cha mti, kikombe cha plastiki chekundu, au mpira wa vitambaa vya kitenge. Kiweke mbali kidogo ili akifikie mwenyewe.

Miezi 9 hadi miaka 2. Ficha kikombe chini ya kitambaa, akitafute. Viringisha mpira wa majani makavu ya migomba, aufuate kwa kutambaa. Mpe mikebe mikubwa na midogo, isiyo na makali, aiingize mmoja ndani ya mwingine.

Miaka 3 hadi 6. Achague maharagwe kufuatana na rangi, huku mkubwa akimwangalia. Achore kwa kijiti kwenye udongo, arushe mpira na kuudaka. Kaka zake wakitengeneza chukudu ndogo ya mti, naye apime kwa macho pa kupita. Mtoto wa namna hiyo akifika darasa la kwanza, macho na mikono yake vitakuwa vimezoea kufanya kazi pamoja.

Vitu vya kukataza. Kitu chochote kinachoingia chote katika mdomo wa mtoto mdogo kinaweza kumnyonga: vifuniko vya chupa, shanga, punje. Betri za redio zinazovuja zinaunguza. Manati na mishale ya vijiti imeharibu macho mengi. Vitochi vya miale mikali vinavyouzwa sokoni visielekezwe machoni kamwe. Na katika Masisi na Walikale yetu, tuwaambie watoto kila siku: chuma usichokijua, usikiokote, usikipige jiwe. Mwite mtu mkubwa.

Mchezo wa kupima. Mtoto akiwa anafurahia kitu, funika jicho lake moja kwa kiganja bila kulikandamiza, kisha lingine. Akilia na kusukuma mkono kila mara unapofunika upande uleule, pengine jicho lililobaki wazi halioni vizuri. Angalia pia kama macho yanakwenda njia mbalimbali baada ya miezi 4, kama anainamisha kichwa kila akitazama, au kama hafuati kitu kinachotembea. Mpeleke kwenye kituo cha afya. Jicho dhaifu likiachwa, ubongo unazoea kulidharau, na mtoto akishakuwa mkubwa kulirudisha ni kazi ngumu. Ukiona weupe katikati ya mboni, usingoje kesho, kwa sababu inaweza kuwa mtoto wa jicho au hata kansa. Tena, jicho linalouma halitiliwi maji ya majani wala maziwa ya titi.

Michezo peke yake haitoshi. Macho yanahitaji vitamini A. Tunayo katika mawese mekundu, sombe, lengalenga na viazi vitamu vya rangi ya machungwa. Mawese yasiunguzwe mpaka yawe meupe, maana vitamini inaharibika. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 apate matone ya vitamini A kila miezi 6, na chanjo ya surua isikosekane, kwa kuwa surua inaweza kupofusha.

Tunaomba kila kikundi, katika mkutano wa wiki hii, kitengeneze mipira 5 ya vitambaa na karatasi 5 za mistari ya makaa, zipewe wamama waliojifungua karibuni na wale waliofika wakikimbia vita. Kisha kila mama apime macho ya watoto wake kwa mchezo wa kiganja. Atakayeona dalili asiende peke yake kituoni. Mwenzake mmoja wa kikundi amsindikize.