Mkuyuni na Hesabu ya Majani ya Ziwa

Mtaa ukiitwa kwa jina la mti, aghalabu jina huishi kuliko mti wenyewe. Na Mkuyuni, kusini mwa jiji la Mwanza kando ya barabara iendayo Shinyanga, bado humkumbusha kila apitaye habari ya mkuyu, mti upendao ardhi iliyo karibu na maji, uzaao matunda yake juu ya shina na matawi makubwa badala ya ncha za vitawi. Elimu ya mimea huanzia katika swali jepesi la namna hiyo: ni mimea gani iliyokuwapo, ni ipi iliyosalia, na ni ipi iliyokuja bila ya kualikwa?

Mtafiti ashukapo ukingoni mwa Ziwa Victoria huweka chini fremu ya mti yenye mita 1 kila upande, akahesabu kila kiotacho ndani yake, na mmea asioutambua huung'oa pamoja na mzizi na ua, akaulaza baina ya kurasa za gazeti kuukuu, akalibana kwa mbao mbili na ukanda, na kulibadilisha kila linapolowa, hata mmea ukauke. Kisha huuandikia mahali, tarehe na jina. Kwa mimea mikavu iliyokusanywa hivyo, wataalamu waliweza kuitunga orodha kubwa ya mimea ya Afrika ya Mashariki, kazi iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952 ikakamilika 2012, nayo ina aina zaidi ya 12,000. Faida yake ni dhahiri: lau mzozo watokea leo kama mmea fulani uliwahi kuota mahali fulani, shahidi yupo kabatini, na tarehe yake anayo.

Ushahidi huo wahitajika mno, maana Ziwa Victoria halitulii. Baada ya mvua kubwa za 1961 maji yalipanda zaidi ya mita 2 kufikia mwaka 1964, yakavifunika vinamasi vya ukingoni. Mwaka 2006 yalishuka mno, palipokuwa tope pakawa pakavu. Na 2020 yakapanda tena hata yakaingia majumbani, na huko Jinja, Uganda, kisiwa cha majani kilichokatika ukingoni kikaelea mpaka kwenye mitambo ya umeme, kikaitia karibu nchi nzima gizani. Mmea usioweza kuyafuata maji hupotea, uwezao huhama, na nafasi iliyoachwa wazi haikosi wa kuikalia.

Mkaliaji mashuhuri ni gugu maji, mzaliwa wa Amerika ya Kusini mwenye ua la zambarau lipendezalo macho, aliyeonekana katika ziwa hili mwishoni mwa miaka ya 1980. Likipata maji yenye rutuba huweza kuongezeka maradufu kwa muda wa wiki mbili hivi, na mbegu zake hulala topeni hata miaka 20 zikingoja wasaa. Likishalifunika ghuba, nuru haipenyi, oksijeni hupungua majini, na mimea ya chini hufa. Hapo ndipo elimu ya mimea na elimu ya tiba zikutanapo. Kwani konokono abebaye kichocho hupata katika mizizi ile kivuli, chakula na pahali pa kutagia mayai, kisha upepo humsafirisha pamoja na gugu toka mwalo mmoja hadi mwingine. Vijidudu vitokavyo kwa konokono huyo hupenya ngozi ya mtoto achotaye maji na ya mvuvi avutaye wavu, vikakomaa na kukaa katika mishipa ya damu ya matumbo, na visipopatiwa dawa huliharibu ini na kuuvimbisha wengu kwa miaka. Si kwamba mafunjo na matete hayana konokono, la. Lakini mafunjo yamefunga mizizi yake mahali pamoja na huchuja uchafu utokao nchi kavu, ilhali gugu hutembea.

Miaka ya 1990 waliachiwa ziwani mbawakavu wadogo wenye asili moja na gugu lenyewe, nao walilipunguza sana. Ila halikwisha, kwa kuwa mbawakavu hula jani, hawali sababu. Sababu ni maji machafu ya miji, mbolea za mashamba na udongo uporomokao vilimani, vyote vikishushwa ziwani na mito kama Mirongo ikatizayo jijini Mwanza. Kila kinamasi cha mafunjo kifyekwacho ni chujio moja lililoondolewa, na gugu hulishwa na kile ambacho chujio lingekizuia.

Basi, msomaji wa Mkuyuni na wa mwambao wote wa ziwa, mambo mawili yamo mkononi mwako. Usimwache mtoto kuoga penye majani yaliyotuama, na dawa ya kichocho inapogawiwa shuleni usimzuie kuimeza. Na kinamasi kilicho nyuma ya nyumba yako usikihesabu kuwa ni kiwanja kitupu kingojacho kufukiwa. Kina kazi, nacho huifanya usiku na mchana bila ya ujira.