Je, Wajua? Tarumbeta la Baroko na Matundu Yake

Je, wajua kwamba tarumbeta la zama za Johann Sebastian Bach halikuwa na kitufe hata kimoja? Vile vitufe vitatu ambavyo mpigaji wa bendi ya polisi huvibonyeza vilikuja baadaye sana. Heinrich Stölzel na Friedrich Blühmel walipewa hataza ya vali huko Prussia mwaka 1818, na Bach alikuwa kaburini tangu 1750. Kabla ya hapo tarumbeta lilikuwa bomba tupu la shaba ya njano, limekunjwa ili libebeke, na ukilinyoosha linazidi meta mbili. Tarumbeta la kawaida la leo halifiki meta moja na nusu.

Kwa hiyo anayetaka kuusikia muziki wa Bach, Handel au Purcell kwa sauti waliyoijua wenyewe hawezi kwenda dukani akachukua lolote lililo rafuni. Atamwendea fundi mwenye vipimo vya tarumbeta fulani lililo makumbusho, mwenye nyundo, fuawe na subira. Mafundi wa namna hiyo wapo Ujerumani, Uswisi, Uingereza na Marekani, na kazi yao ni kutengeneza nakala. Ubishi unaowagawa wao kwa wao, na kuwagawa wateja wao, ni huu: nakala ifanane na chombo cha kale mpaka wapi?

Je, wajua kwamba bomba hilo lina noti zilizokataa kunyooka? Waliokulia kwenye kwaya wanaijua ngazi ya do, re, mi, fa, so, la, ti. Bomba la shaba nalo lina ngazi yake, ila hiyo haikupangwa na mwalimu wa kwaya. Ukipuliza huku ukikaza midomo kidogo kidogo, sauti hupanda kwa mpangilio uliowekwa na maumbile. Zile za chini zimeachana mno, ndiyo maana milio ya jeshini huruka ruka. Kuanzia sauti ya 8 zinasogeleana kiasi cha kuweza kubeba wimbo. Ya 8 ni do, ya 9 ni re, ya 10 ni mi. Ya 11 ilitakiwa iwe fa, lakini imekaa katikati ya fa na ile fa iliyopandishwa, haiko huku wala kule. Ya 12 ni so safi. Ya 13, ambayo ingekuwa la, imezama chini kwa kiasi kinachopita robo ya hatua nzima.

Wapigaji wa karne ya 17 na ya 18 walizivuta noti hizo kwa midomo mpaka zikakaa mahali pake, au karibu na mahali pake. Bach alijua anamwandikia nani. Sehemu zake za tarumbeta zinapanda huko juu ambako hatua zimekaribiana, na palipo na ile fa yenye ukaidi mara nyingi huipitia haraka au huitumia kwa makusudi pale maneno yanapozungumzia maumivu.

Nuremberg, mji wa kusini mwa Ujerumani, ndiko yalikotoka matarumbeta yaliyosifika kuliko yote katika Ulaya ya wakati huo. Kazi ilirithiwa katika koo: Neuschel, Schnitzer, Hainlein, Kodisch, Ehe, Haas. Kila ukoo ulikuwa na alama iliyogongwa kwenye shaba. Ya Haas ilikuwa sungura anayeruka, ya Hainlein kichwa cha jogoo, ya Ehe kichwa cha mtu aliyevaa kilemba. Johann Wilhelm Haas, aliyeishi kuanzia 1649 hadi 1723, ndiye ambaye kazi zake zinanakiliwa sana leo, pamoja na zile za akina Ehe. Lipo hata tarumbeta la 1585 la Anton Schnitzer lililopindwapindwa kwa madaha, ambalo mwenye nalo, mpigaji Cesare Bendinelli, alilitunuku chama cha muziki cha Accademia Filarmonica cha Verona pamoja na muswada wake wa mafunzo wa mwaka 1614. Vyote viwili bado viko Verona.

Na sisi huku pwani tusijione wageni kabisa katika habari hii. Aprili 1498, meli za Vasco da Gama zilipotia nanga Malindi, mwandishi wa kumbukumbu za safari ile aliona katika msafara wa mfalme baragumu mbili za pembe za ndovu, zimenakshiwa, zenye kimo cha mtu, zikipulizwa kwa tundu la ubavuni na kupatana sauti na matarumbeta mengine. Anayezisoma kumbukumbu hizo akiwa Lamu hahitaji kuambiwa kwamba hizo ni siwa. Ile ya Pate ya pembe na ile ya Lamu ya shaba zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Lamu. Nazo hazina kitufe. Mwenye midomo ndiye mwenye noti.

Je, wajua jinsi bomba la namna hii linavyotengenezwa kwa mkono? Mwaka 1698 Christoph Weigel alichapisha huko Regensburg kitabu cha picha za kazi za mikono, na miongoni mwao akamweka fundi wa matarumbeta katika karakana yake. Lakini aliyeichambua kazi hiyo hatua kwa hatua ni Robert Barclay, mhifadhi wa vitu vya kale wa Kanada, katika kitabu chake cha 1992 kuhusu ufundi wa Nuremberg. Alisoma alama zilizoachwa na nyundo na makwaruzo yaliyo ndani ya mabomba, kisha akatengeneza mwenyewe.

Hakuna bomba la kununua tayari. Fundi huanza na bamba la shaba lenye unene wa nusu milimita hivi. Hukata utepe mrefu, huukunja kuuzunguka mtaimbo wa chuma mpaka kingo zikutane, hupaka boraksi, kisha huulehemu kwa aloi ya shaba yenye zinki nyingi, inayoyeyuka kabla bomba lenyewe halijayeyuka. Tofauti ya joto kati ya ushindi na hasara ni ndogo. Ukizubaa, bomba nalo linakwenda. Mshono huo huonekana maisha yote ya tarumbeta, ukipita kwa urefu kama kovu.

Kinywa kile kipana cha mbele kina taabu zaidi. Kipande chake hukatwa kwa kufuata kigezo, na ukingo mmoja huchongwa meno madogo yanayoumana na ukingo wa pili kabla ya kulehemiwa. Halafu nyundo. Shaba inayogongwa huwa ngumu, na ikiwa ngumu mno hupasuka, basi kila baada ya muda hurudishwa motoni ilainike, ikapoa, ikagongwa tena. Kinywa kinapanuka, bamba linazidi kuwa jembamba, na mwisho hulazwa juu ya kalibu ya chuma na kusuguliwa kwa nguvu mpaka kifuate umbo lake. Ukingo huvishwa mkanda wa shaba uliochorwa jina la fundi na la mji wake, tangazo la biashara ambalo wasikilizaji wa mbele walilitazama muda wote wa tamasha.

Sehemu zinazopinda hujazwa risasi iliyoyeyushwa ili bomba lisibonyee, hupindwa, kisha risasi hurudishwa motoni ikamwagwa. Mafundi wengi wa leo hutumia lami au aloi nyingine zinazoyeyuka upesi, kwa kuwa moshi wa risasi si wa kufanyia mzaha.

Tarumbeta la kale halikuungwa kwa lehemu kutoka mwanzo hadi mwisho. Mabomba mawili yaliyonyooka na vipinda viwili viliingizwa kimoja ndani ya kingine, viungo vikazibwa kwa nta ya nyuki, kati ya mabomba kikawekwa kipande cha mbao, na vyote vikafungwa kwa kamba ya sufu ya rangi. Mpigaji aliweza kulifungua chombo chake, kumwaga mate na kulirudisha kama lilivyokuwa. Kwangu mimi hili ndilo linalofurahisha kuliko yote: chombo cha fahari ya wafalme, kilichokuwa kikipigwa mbele ya watawala na mabalozi, kilishikiliwa kwa nta na uzi.

Wengi watafikiri kwamba kazi hii ni ya mabingwa peke yao. Barclay na wenzake wamekuwa wakiendesha warsha za wiki moja ambamo watu wasiowahi kushika nyundo ya fundi hutoka na tarumbeta linalopigika, wakifuata mfano wa lile alilolitengeneza Hanns Hainlein wa Nuremberg mwaka 1632. Wapigaji wengi hupenda kuhudhuria. Na wengi wao, pamoja na mafundi wenyewe, wanashikilia kwamba bomba lililogongwa kwa mkono, lenye mshono na vibonyeo vidogo visivyoonekana, hukubali kuvutwa kwa midomo kuliko bomba la kiwandani lililonyooka bila dosari. Yaani zile noti kaidi za 11 na 13 hutii zaidi pale ambapo shaba yenyewe haikukamilika. Kama ni hivyo, anayenakili vipimo na kuziacha dosari ameacha nusu ya chombo.

Je, wajua kwamba ufundi wa kupiga matarumbeta haya ulikufa na ikabidi ufufuliwe? Sababu moja ni wivu wa wenyewe. Mwaka 1623 Kaizari Ferdinand II aliwapa wapigaji wa matarumbeta na wa ngoma za shaba hati ya kuwa na chama chao. Mwanagenzi alijifunza miaka miwili chini ya bwana wake, na siri za kazi zilipita mdomoni, hazikuandikwa. Wasio wanachama walizuiwa. Ilipofika mwisho wa karne ya 18 mabaraza ya wafalme yalikuwa yakipungua, mitindo ya muziki ikabadilika, na siri zikaenda na wenye nazo. Johann Ernst Altenburg alipochapisha kitabu chake kuhusu sanaa hiyo huko Halle mwaka 1795, alikuwa karibu anaandika tanzia.

Baada ya hapo muziki wa Bach ulipoanza kupigwa tena, hapakuwa na mtu wa kuzifikia noti zile. Mwaka 1884, mjini Eisenach alikozaliwa Bach, Julius Kosleck wa Berlin alipiga Misa katika B ndogo kwa tarumbeta refu lililonyooka, na watu wakashangilia. Mwaka uliofuata akalipeleka London. Likaja kuitwa tarumbeta la Bach. Lilikuwa na vali mbili, na Bach asingelitambua hata angewekewa mezani; lakini jina likaganda kwa miaka mingi.

Ufufuo wenyewe ulianzia kwenye picha. Gottfried Reiche, mpigaji mkuu wa matarumbeta wa Leipzig na mtu ambaye Bach alimwandikia kazi zake ngumu, alichorwa na Elias Gottlob Haussmann miaka ya 1720 akiwa ameshika tarumbeta lililoviringishwa duara. (Reiche alifariki Oktoba 1734, siku moja baada ya kupiga mbele ya mfalme usiku wa mienge; kumbukumbu za mji zilitaja uchovu wa kupuliza na moshi wa mienge hiyo.) Mwaka 1960 Otto Steinkopf na Helmut Finke wa Ujerumani walitengeneza tarumbeta la duara kwa kufuata picha ile, na Walter Holy wa Cologne akalipiga. Noti zikatoka safi. Safi mno, kwa kweli, kwa sababu Steinkopf alikuwa ametoboa matundu matatu madogo kwenye bomba.

Matundu hayo, yanayofunikwa na kufunuliwa kwa vidole, hunyoosha noti ya 11 na ya 13 na kupunguza hatari ya sauti kuteleza kwenda kwa jirani yake. Waingereza baadaye walipendelea mfumo wa matundu manne unaohusishwa na mpigaji Michael Laird. Katika matarumbeta ya Haas, ya Ehe na ya Hainlein hayamo, wala Haussmann hakuyachora. Hata hivyo ndiyo yaliyozoeleka katika okestra nyingi za vyombo vya kale tangu wakati huo. Msikilizaji husoma kwenye karatasi ya tamasha kwamba anasikia vyombo vya enzi ya Bach. Vinanda vya nyuzi huenda ni vya kweli, lakini matarumbeta yana msaada wa karne ya 20.

Siwalaumu sana. Anayelipwa kupiga Oratorio ya Krismasi mbele ya maikrofoni, na watu wamezoea usahihi wa santuri, hawezi kusema Bach naye aliwasikia wakikosea. Lakini wapo waliokataa. Jean-François Madeuf, Mfaransa anayefundisha katika Schola Cantorum ya Basel, amerekodi pamoja na okestra ya La Petite Bande lile Tamasha la Brandenburg namba 2 la mwaka 1721, linalohesabiwa kuwa miongoni mwa kazi ngumu kuliko zote kwa chombo hiki, bila tundu hata moja. Noti nyingine zimechongoka kidogo, nyingine zina ukungu. Ukilisikia mara ya kwanza unashtuka. Mara ya pili unaanza kuona kwamba tarumbeta limekaa pamoja na filimbi, zumari na fidla zinazolizunguka badala ya kuzifunika.

Mafundi, ambao nao wana watoto wa kulisha, wamepata njia ya katikati. Wengi huuza tarumbeta lenye bomba la kubadilisha: moja lenye matundu, moja lisilo nayo, kinywa ni kile kile. Mpigaji huyabeba yote mawili kwenye mkoba. Lisilo na matundu hufanyiwa mazoezi nyumbani mwaka mzima, na lenye matundu hutolewa siku ambayo watu wamekata tiketi.