Njoo Nikutume

Katika miji ya mwambao, tangu Lamu hadi Kilwa, na visiwani Unguja na Pemba, mtoto wa miaka sita au saba hakuwa na lazima ya kuwa mwana wa nyumba ile ndipo aitwe mlangoni na kuambiwa, "Njoo nikutume." Ilitosha kwamba anapita njiani na kwamba aliyemwita ni mtu mzima, basi mchezo ulikatika papo hapo, gololi zikatiwa mfukoni, na mtoto akasimama mbele ya mtumaji wake akisikiliza. Nenda dukani kwa fulani. Ukifika, amkia kwanza. Sema umetumwa na mimi. Lete sukari robo na majani ya chai. Na chenji uihesabu pale pale mbele ya mwenye duka, usije ukaihesabia njiani. Kisha alitakiwa ayarejeshe maneno yale kama alivyoyasikia, naye akikosea alitajiwa upya mpaka yakamkaa. Fedha ikatiwa katika kiganja chake na vidole vikafumbwa juu yake, akaenda zake huku midomo ikicheza, akiusoma ujumbe ule kama alivyokuwa akisoma alifu na be za chuoni.

Nimelianza jambo hili dogo kwa makusudi. Tunapozungumza habari za malezi, aghalabu hukimbilia makubwa: skuli, dini, sheria, riziki, nayo yana uzito wake, wala sina nia ya kuupunguza. Lakini siku ya mtoto, tangu alfajiri anapoamshwa hata usiku anapolala, imejengwa kwa vijambo ambavyo hakuna aliyekaa akavipanga, navyo ndivyo vinavyomfinyanga zaidi kuliko nasaha anazopewa Ijumaa au Jumapili. Baada ya miaka mingi ya kuwatazama watoto na kuyasoma yaliyoandikwa juu yao, nimefikia yakini kwamba atakaye kujua jamii humfanya mtoto kuwa mtu wa namna gani, na aanze kwa kuuliza mtoto huyo hutumwa nini, hutumwa na nani, na hutumwa kwa nani.

Lugha yetu yenyewe imeliwekea jambo hili ushahidi wa ajabu. Katika kitenzi kimoja, kutuma, tumepata Mtume, ambaye hakuna cheo cha mwanadamu kilicho juu ya chake, na humo humo tumepata mtumwa, ambaye hapakuwa na hali ya mwanadamu iliyo duni kuliko yake. Wote wawili wametumwa. Kinachowatenga ni yule aliyewatuma na kile walichotumiwa, na zaidi ya hayo, kama wakisharejea wana mlango wa kupokelewa kwa heshima. Mtoto hutembea kila siku baina ya maneno hayo mawili, na mkubwa anayemtuma ndiye anayemsogeza upande huu au ule.

Tazama mwezi wa Ramadhani, saa moja kabla ya magharibi. Watoto hujaa vichochoroni wakichukua sahani zilizofunikwa kawa, hii ina mihogo ya nazi, hii ina vitumbua, hii ina tambi, kila mmoja akiwa amekwishaambiwa nyumba ya kwenda na maneno ya kusema, na kuonywa asikimbie mchuzi ukamwagika. Kwa kuwa sahani hairudi tupu, anayekwenda na mihogo hurejea na kaimati. Katika mwezi mzima wa mwendo na marejeo hayo mtoto huyo, bila ya kufundishwa somo lolote lenye jina, amekwishajua nyumba ipi ni ya shangazi wa babake, ipi ya mjane aliye katika eda ambaye mlangoni kwake hupigwa hodi kwa sauti ya chini, ipi ina mgonjwa, na ipi wamegombana na mamake mwaka jana, lakini sahani inapelekwa vile vile. Ramani ya jamaa na jirani imeingia miguuni mwake kabla haijaingia kichwani.

Wako waliolitazama jambo hili kwa mizani ya elimu. Katikati ya miaka ya 1950, wataalamu walioongozwa na Beatrice Whiting na mumewe John Whiting, wa Chuo Kikuu cha Harvard, walikwenda kukaa katika jumuiya sita za mabara mbalimbali: Mexico, Ufilipino, Okinawa, Uhindi, Marekani na Kenya. Watoto 134 wa umri wa miaka 3 hadi 11 waliwatazama wakiwa katika shughuli zao za kila siku, wakiandika kila walichokiona kwa vipande vya dakika tano tano: nani kamsaidia nani, nani kampiga nani, nani katafuta kutazamwa. Jumuiya ya Kenya ilikuwa ya Wagusii, mahali walipopaita Nyansongo. Ya Marekani ilikuwa mji mdogo wa New England, nao wakaupa jina la Orchard Town. Habari zilipochapwa kitabuni mwaka 1975, watoto wa Nyansongo walidhihirika kuwa mbele katika kutoa msaada na kuchukua dhamana, na kadhalika katika kuwaamrisha wadogo zao kwa ajili ya maslahi ya nyumba, ilhali wale wa Orchard Town walizidi katika kutaka watazamwe na wasaidiwe wao.

Msomaji asije akadhani kwamba Mwenyezi Mungu amewaumba watoto wa Kigusii na nyoyo njema kuliko wenzao wa ng'ambo. Mama Mgusii alikuwa mkulima. Jembe lilimngoja tangu mapambazuko, na mtoto mchanga hakuweza kuachwa peke yake, basi aliachiwa kaka au dada wa miaka sita hadi kumi, aitwaye kwa lugha yao omoreri, neno lililo ndugu wa damu na mlezi wetu. Mwingine alipewa ng'ombe awachunge. Mtoto ajuaye kwamba akizubaa ng'ombe wataingia katika mahindi ya watu, au kwamba kichanga alichokibeba kikilia hakuna mwingine wa kukinyamazisha, hana haja ya kuhubiriwa habari za dhamana, kwa sababu dhamana imemkalia mgongoni na inapumua. Mtoto wa Orchard Town alikwenda skuli kushindana kwa alama na watoto wa rika lake, na kazi aliyopewa nyumbani, mathalan kupanga vitu vya chumba chake, ilikuwa kazi yake mwenyewe. Asipoifanya hakulala mtu na njaa. Naye alijifunza sawasawa kile ambacho siku yake ilimfundisha.

Ama kuhusu wale wanaosema kwamba upole ni maumbile ya mtoto wa kike na ukali ni maumbile ya mtoto wa kiume, wasikilize habari iliyochapishwa mwaka 1973 na Carol Ember, aliyefanya utafiti wake kwa Wajaluo wa Oyugis, kusini ya Nyanza. Huko kazi za maji, jiko na kulea zilikuwa za wasichana. Lakini riziki ya watoto haimjii kila mama kwa mpango wa kazi zake, na katika nyumba isiyokuwa na binti wa kiasi hicho mvulana alilazimika kuzishika. Wavulana hao, hata wanapokuwa nje wanacheza, mbali na jiko na mtoto mchanga, walionekana kuwa na ugomvi mdogo kuliko wenzao, na mwenendo wao ukaukaribia wa dada za watu. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi, na kila nikiisoma huwafikiria mabinti wetu ambao kwa miaka na miaka wametumwa kisimani wakati ndugu zao wameachiwa uwanja wa mpira, nasi tukasema, kwa insafu tunayodhani ni kamili, kwamba wasichana wamezaliwa wanajua kazi.

Taathira hii huanza mapema kuliko tunavyodhani, hata kabla mtoto hajaweza kutumwa popote. Katika miaka ya 1970 Charles Super na mkewe Sara Harkness walikaa na Wakipsigis katika nyanda za juu za magharibi ya Kenya, mahali palipoitwa Kokwet, wakaona kwamba watoto wa huko hukaa kitako na kutembea kiasi cha mwezi mmoja kabla ya watoto wa Marekani. Wazungu wengine walikuwa wamekwishasema hiyo ni tabia ya damu ya Mwafrika. Kumbe akina mama wa Kokwet walikuwa wakiwafundisha: walichimba kishimo kidogo ardhini, wakakitandika blanketi, wakamweka mtoto humo apate kuegemea mgongo, siku baada ya siku. Na katika yale ambayo mama hakuyashughulikia, kama kutambaa, mtoto wa Kokwet hakumtangulia yeyote.

Wakipsigis hao wana neno ng'om, maana yake mwenye akili. Lakini hawakuliacha neno hilo lielee peke yake, kwani wakimsifu mtoto aliye mwepesi wa masomo husema ni ng'om wa skuli, na wakimsifu yule anayeona kazi akaifanya kabla hajaambiwa husema ni ng'om wa nyumbani, na mtoto anaweza kuwa na moja akaikosa ya pili. Wachewa wa mashariki ya Zambia wamekwenda mbali zaidi. Akili kwao ni nzelu, na ndani ya nzelu zimo mbili: chenjela, yaani wepesi na ukali wa fikra, na tumikila, ambalo Mswahili hahitaji kufasiriwa, maana ni kutumikia, utayari wa kutumwa na kutumika kwa ajili ya wengine. Mwenye chenjela bila ya tumikila ni mjanja tu, na mjanja humwogopi kwa bure.

Robert Serpell, aliyeyachunguza haya kwa miaka mingi katika wilaya ya Katete, hakuwauliza wazee wa vijijini ni mtoto yupi mwenye akili. Aliwawekea jambo mbele yao: nyumba inawaka moto, na hapa wako watoto hawa peke yao, utamtuma yupi akaite watu? Wazee walijibu mara moja na wakatoa sababu zao, kwa kuwa watoto wale waliwajua. Kisha majibu yao yalipolinganishwa na mitihani ya mtindo wa skuli, hayakuendana sawasawa. Jambo la kufanana na hilo lilionekana Usenge, kando ya Ziwa Viktoria nchini Kenya, ambako Robert Sternberg na wenzake walichapisha mwaka 2001 habari za watoto 85 wa miaka 12 hadi 15 waliotahiniwa katika maarifa ya miti shamba ambayo watu wa huko hujitibia: waliokuwa hodari wa dawa aghalabu hawakuwa ndio hodari wa mitihani ya msamiati ya mtindo wa darasani. Saa ambazo mmoja alizitumia porini akifuatana na nyanya yake, mwingine alizitumia mbele ya kitabu. Katika nchi zetu hutolewa cheti cha aina moja tu ya akili hizo, na mwenye ile nyingine hurudishwa nyumbani akaambiwa amefeli.

Lakini nimesema kwamba kitenzi kile kilizaa pia mtumwa, na singekuwa mkweli kama ningeusifu utume wa watoto nikaufumbia macho upande huo. Mwaka 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitia sahihi amri ya kuuondolea utumwa nguvu ya sheria Zanzibar. Zaidi ya karne imepita, na hata leo wapo watoto wanaochukuliwa vijijini kwa ahadi ya kusomeshwa mjini, wakafika wakawa wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala, wakiwaandalia watoto wa rika lao sare za kwendea skuli ambayo wao hawaioni. Huyo hatumwi, anatumikishwa. Mwenye kutumwa huulizwa akirejea kama ameona nini njiani, hukatiwa kipande cha mkate, hutajwa kwa jina lake, na kazi yake humfunga katika jamaa. Anayetumikishwa, kazi yake ndiyo inayomtenga nayo. Waliouandika Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, uliopitishwa Addis Ababa mwaka 1990 na kuanza kufanya kazi mwaka 1999, walilijua hili vyema, kwani katika kifungu cha 15 walimkinga mtoto na kazi za dhuluma, na katika kifungu cha 31 wakamwekea wajibu wa kuwasaidia wazee wake na kuishikamanisha familia yake, wajibu ambao ule mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989 haukumwekea kifungu chake. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 imefuata njia hiyo hiyo. Mimi nauona huo kuwa uamuzi wa busara.

Sasa hali inageuka kwa upesi usiosubiri mabishano yetu. Katika majengo ya ghorofa ya Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, sukari huagizwa kwa simu, fedha hupita kwa simu, na kijana wa bodaboda huifikisha getini; mtoto hashuki ngazi. Mzazi humzuia kwa sababu zinazofahamika, kwani barabara ina magari yasiyojali, na mtu aitaye "njoo nikutume" mlangoni si lazima awe mtu wa kuaminiwa. Siwalaumu wazazi hao, maana mimi mwenyewe ni mmoja wao. Walakini mwaka jana niliwapelekea majirani zangu watatu, katika jengo tunalokaa, lile swali la Katete: moto umezuka, wakubwa hatupo ila wewe, utamtuma mtoto yupi? Wa kwanza alimtaja mwanawe. Wa pili naye alimtaja mwanawe. Wa tatu, bibi mtu mzima aliyekulia Pangani, alinyamaza kwa kitambo akiitazama milango ya ukumbi ule mmoja baada ya mwingine, akijaribu kukumbuka nyuma ya kila mlango mna mtoto gani na anaitwa nani, kisha akamwita mlinzi wa chini amwambie.